Kamera Usawa wa Magoti

Picha ilikuwa imerefuka.

Mke ndiye aliyegundua. Alikuwa kwenye chumba chao cha kazi, mchana kweupe lakini mapazia mazito yameshushwa, akiupanga muziki wake juu ya picha aliyoipiga mumewe. Picha yenyewe aliijua kama kiganja chake. Kamera inasogea polepole kwenye korido ya nyumba yao hiyohiyo, inaupita mlango wa jikoni, inaupita mlango wa chumba chao, inafika kwenye mlango wa kijani mwisho wa korido, inasimama. Basi. Alikuwa ameitazama mpaka imemchosha, na kila mara ilisimama hapo. Leo ilisimama, ikatulia, kisha mlango wa kijani ukaachia upenyo wa upana wa kidole.

Alifikiri ni macho yamechoka. Akairudisha nyuma, akaitazama bila muziki. Ikafika mlangoni, ikaisha. Akaurudisha muziki, akatazama tena, na mlango ukaachia upenyo.

Hapo akamwita mumewe.

Walikuwa watu wa harusi, hawa wawili. Mume alipiga picha za harusi tangu ujana wake, na wenzake wakambandika jina la Jicho. Mkewe alipiga kinanda kwenye harusi hizohizo, na huko ndiko walikojuana, kila mmoja akilalamika kwamba mwenzake anamziba. Walipooana walihamia kwa mama yake Jicho, mjane mwenye ulimi mkali na redio isiyozimwa, mwenye chumba chake mwisho wa korido. Miaka yote hiyo Jicho alikuwa na hamu moja tu, kutengeneza filamu ya kutisha. Mwishowe mwenye ukumbi wa sinema alimwambia amletee mwanzo tu. Watazamaji wakiacha kutafuna kabla jina la filamu halijatokea, atamwonyeshea filamu nzima. Wakiendelea kutafuna, arudi kwenye maharusi wake.

Jicho alikuwa na imani yake kuhusu hofu. Alisema mtu haogopi anachokiona, anaogopa anachokingoja. Kwa hiyo mwanzo wa filamu yake haukuwa na damu wala sura mbaya wala mtu wa kupiga mayowe. Ulikuwa na korido tu. Lakini kamera aliifunga kwenye ubao wenye magurudumu, usawa wa magoti, akawa anaisukuma huku akitambaa nyuma yake, polepole kuliko mtu yeyote anavyotembea nyumbani kwake. Ukitazama kwa urefu wa mtu, alimweleza mkewe, mtazamaji anajua ni mtu anayetazama. Ukishuka magotini anaanza kujiuliza ni nani huyu, na hapo umeshampata. Tena hakuiweka korido katikati ya picha. Aliibana kushoto, na kulia akaacha ukuta mtupu, nafasi ya kumtosha mtu kusimama. Nafasi tupu, alisema, mtazamaji ataijaza mwenyewe.

Mkewe naye akaitafutia picha hiyo sauti. Alianza na fidla kali na midundo ya moyo, akavitupa vyote, maana vilikuwa kama mtu anayekukanyaga mguu na kukuambia ogopa. Kisha asubuhi moja alibonyeza funguo mbili za chini zilizopakana, akaziacha zigombane, na juu yake akarekodi mvumo wa koo lake mwenyewe, akaushusha mpaka ukawa haufanani tena na sauti ya mwanamke. Mvumo ule ulipanda kidogo, ukasita, ukapanda tena, haukutua popote. Hakukumbuka kuutunga. Vidole ndivyo vilivyoujua. Ulisikika kifuani kabla ya masikioni, na mara ya kwanza alipousikiliza alijikuta amegeuka kutazama nyuma ya kiti chake.

Jicho aliitazama picha iliyorefuka, akasema bila shaka alisahau kuzima kamera. Mkewe akamkumbusha kwamba siku ile mama alikuwa ameenda kumwona dada yake, na mlango aliufunga kwa ufunguo, na ufunguo akaondoka nao, kwa sababu hakumwamini mtu na redio yake. Jicho aliitazama tena, mara mbili, uso wake ukiwa karibu kuugusa mwanga.

"Lakini ni nzuri," akasema kwa sauti ya chini.

"Nini ni nzuri?"

"Mlango unavyofunguka. Mimi mwenyewe nisingeweza kuupanga vizuri hivyo."

Wakaicheza tena pamoja, bega kwa bega. Safari hii mlango haukuachia upenyo tu. Ulifunguka wote, na kamera ikaingia.

Kulikuwa na kitanda cha mama. Kulikuwa na meza ndogo, na redio, na mguu wa mama ukining'inia pembeni mwa godoro, kiatu kimevuliwa nusu. Picha ilisogea kando ya kitanda kwa mwendo uleule, ikaupita mguu, ikaupita mkono, ikapanda taratibu mpaka ikamwona mama amelala chali, shali ya zambarau imemfunika kifua. Ikakoma hapo. Mke akamshika mumewe mkono, akamnong'oneza kwamba shali ile alimletea mama jana.

Walitoka mbio. Walimkuta mama ameketi kitandani, anatafuta kiatu chake, amekasirika. Aliwauliza nani kati yao aliyeingia kumpulizia sikioni wakati amejipumzisha, na kama ndiyo filamu yenyewe, basi wamlipe ujira wake kama waigizaji wengine. Chumba kilinuka chuma kilichopata moto na maji yaliyokaa siku nyingi mtungini. Mama alisema yeye hasikii harufu yoyote isipokuwa ya watu wasiooga kwa sababu ya kazi.

Mkewe Jicho hakucheka. Alirudi chumba cha kazi, akauondoa muziki kwenye picha, akamwambia mumewe wataanza upya, mahali pengine, na sauti nyingine. Jicho akakubali. Alikubali kama mtu anavyokubali ili mazungumzo yaishe.

Kwa kweli picha ile ilikuwa imemshika. Alikuwa amefundisha macho yake miaka mingi kutafuta mwendo kama ule, usio na haraka, usio na pumzi, na sasa ulikuwa umekuja wenyewe, bure, nyumbani kwake. Asubuhi iliyofuata mkewe alipoenda sokoni, Jicho alishusha mapazia, akaurudisha muziki. Alijiambia ataangalia mara moja tu.

Picha iliingia chumbani kwa mama kama iliyozoea njia. Ilipita kando ya kitanda, ikapanda, ikafika usoni. Macho ya mama yalikuwa wazi. Yalitazama moja kwa moja ndani ya kamera, bila kupepesa, na picha ikaendelea kusogea, ikayakaribia mpaka jicho moja likajaa kioo kizima, mpaka weusi wa mboni ukajaa, na katika weusi ule hakukuwa na kitu ila ule mvumo unaopanda na kusita. Halafu picha ikarudi. Sasa ilikuwa inatazama kutoka kitandani. Ilitazama mlango wa kijani kwa ndani, ukiwa wazi, na korido mbele yake, na mbali, upande wa pili, mlango wa chumba cha kazi, na chini ya mlango huo mwanga wa buluu wa kioo ambacho yeye Jicho alikuwa amekaa mbele yake.

Alizima kila kitu. Kinanda, kioo, mashine. Mvumo haukuzimika. Ulikuwa unatoka kwenye korido.

Alipofungua mlango alimwona mama yake. Alikuwa anatambaa kwa mikono na magoti, mwanamke ambaye miguu yake ilimuuma kiasi kwamba hata kitu kilichodondoka aliomba aokotewe, naye alikuja kwa mwendo ambao Jicho aliujua kuliko mtu yeyote duniani, kwa sababu aliufanyia mazoezi kwenye sakafu hiyohiyo, kichwa kimetulia usawa mmoja kama kilichofungwa kwenye ubao, hakipandi wala hakishuki wakati mabega yanapanda na kushuka, macho wazi, makavu, hayapepesi, na midomo imefungwa huku koo likivuma. Hakuja katikati ya korido. Alitambaa ameubana ukuta wa kushoto, na kulia kwake akaacha nafasi.

Jicho alijikuta hathubutu kuitazama ile nafasi.

Mkewe aliporudi aliwakuta hivyohivyo, mume ameegemea mlango hana rangi, mama ametulia mbele ya magoti yake akimtazama kwa chini. Aliuacha mfuko uanguke. Hakuuliza mumewe amefanya nini, kwa sababu alikuwa anausikia wimbo wake.

Kuanzia hapo nyumba haikuwa tena yao. Mama hakula. Akilazwa kitandani alishuka. Daktari aliletwa, akapima, akasema moyo ni mzima na damu ni nzuri, akaandika dawa ya usingizi, na wakati anafunga mkoba wake alihisi anatazamwa kutoka chini ya kitanda, akaondoka bila kuaga. Wenyewe walijifunza kutembea wakitazama chini. Ukiwa jikoni unachemsha maji, ungesikia sauti ya kitambaa kikiburutwa sakafuni, ukajua kwamba ukigeuka utamwona ukingoni mwa mlango, nusu ya uso tu, chini kabisa mahali ambapo hakuna uso wa mtu mzima unaopaswa kuwa, na kwamba hatafanya lolote, hatakugusa wala hatasema, atatazama tu na kusogea, atatazama na kusogea, na huko kungoja afanye kitu ndiko kulikowamaliza. Redio waliizima wenyewe ili wasikie alipo.

Mara moja tu alisema. Mkewe Jicho alikuwa ameketi sakafuni, amejilazimisha, anamfuta mama mdomo kwa kitambaa chenye maji, na macho yale makavu yakapepesa.

"Mwanangu," mama akanong'ona, kwa sauti yake ya siku zote, "mbona macho yangu anayatumia mwingine?"

Kisha yakakauka tena. Mke akaenda kumwambia mumewe kwamba kesho atamleta mtu, na kama hataki, achague yeye abaki na nani.

Mganga aliyekuja alikuwa mwanamke mfupi mwenye mafua. Alikataa kufukiza chochote, akasema kwa pua aliyonayo atakufa yeye kabla ya jini. Aliomba chai ya moto, akainywa amesimama kwenye korido huku mama akimtazama kutoka chini ya meza, akaipima ile korido kwa macho, akauliza kila kitu kilivyoanza. Walimweleza wakipokezana. Akaomba asikie muziki. Alivaa spika za masikioni kidogo tu, akazivua upesi kama aliyeungua.

"Huu hukuutunga," akamwambia mke. "Umeuokota."

Aliwaeleza kwa sauti ya chini, akigeukia ukutani. Wapo wanaoitwa kwa jina na wapo wanaoitwa kwa harufu. Huyu anaitwa kwa wimbo. Lakini ni kipofu, na kipofu huitwa akafika mlangoni, akapapasa, akapita zake.

"Wewe ndiye uliyempa macho," akamwambia Jicho. "Ukayaweka chini, kwa kimo chake. Ukamfundisha kutembea ndani ya nyumba yako. Tena ukamwachia nafasi ya kusimama."



Mganga akasema tatizo la wimbo ule ni kwamba unapanda tu, haushuki. Kila anayeusikia anangoja utue, na hautui. Sasa hata yeye mwenyewe aliyeitwa anangoja, amekaa ndani ya mama yao kama mgeni aliyekaribishwa na hajaagwa. Kwa hiyo mke auendee ule wimbo, aushushe ngazi aliyoipandisha, autue. Mume aichukue kamera, aiwashe, aiweke usawa uleule, atoke nayo kinyumenyume, polepole, na jini atayafuata macho yake. Amtoe nyumbani, avuke uwanja, amfikishe mahali pasipokaa watu. Huko aivunje kamera, kioo cha mbele kisagike, vipande avifukie. Na isiwe usiku, mganga akaongeza, usiku huyu yuko kwake. Iwe mchana jua likiwa utosini, wakati hata kivuli hakina pa kujificha.

Mke alikesha na kinanda amekizima sauti, akibonyeza funguo bila kuzisikia, akitafuta njia ya kushuka. Kila alipofikiri ameipata vidole viliteleza vikapanda. Alilia kidogo. Kulipopambazuka alikuwa ameipata, au alijiambia ameipata.

Jua lilipofika juu, mganga alifungua milango yote. Mke akaanza kupiga. Mvumo ulijaa nyumba, vikombe vikatetemeka jikoni, na mama akatoka chumbani kwake akitambaa. Jicho alikuwa amechuchumaa katikati ya korido, kamera mikononi usawa wa magoti. Akaanza kurudi nyuma. Mama akafuata. Alirudi nyuma hatua kwa hatua, mapaja yakimuungua, akaupita mlango wa chumba chao, akaupita mlango wa jikoni, na kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma aliusikia muziki wa mkewe ukisita pale unaposita siku zote, pale ambapo kila mara ulipanda, akausikia unatetemeka kama mtu aliyesimama ukingoni, na kisha ukashuka ngazi moja.

Mama akalala kifudifudi kizingitini kama nguo iliyoanguka kambani. Mganga akamdaka kichwa kabla hakijafika chini.

Lakini kile kilichokuwa kinafuata hakikusimama. Jicho aliendelea kurudi nyuma kuvuka uwanja, kwa kuwa aliambiwa asisimame, jua likimchoma kisogo, na mbele yake majani makavu yalilala chini moja baada ya jingine kwa mwendo ule asiokuwa na haja ya kuujifunza, na alipokitupia jicho kioo kidogo cha kamera, akitarajia kuona uwanja na nyumba yake ikipungua mbali, hakuona uwanja wala nyumba, alijiona yeye mwenyewe, kwa chini, mkubwa kama mti, jasho likimtiririka, anarudi nyuma, anarudi nyuma, na upande wa kushoto wa picha amebanwa yeye, na upande wa kulia kuna anga tupu inayongoja. Hakupepesa. Alirudi mpaka visigino vyake vikagonga matofali ya tanuri lililoachwa zamani, na huko nyumbani, kwa mbali, muziki ukatua.

Majani yakatulia. Kimya kilikuwa kikubwa hata akasikia saa yake ya mkononi.

Aliiweka kamera juu ya matofali, akaokota jiwe, akalinyanyua. Ilikuwa kamera aliyoinunua kwa pesa za harusi za miaka saba. Aliujua uzito wake gizani. Ndani yake, kama haijafutika, kulikuwa na picha ambayo hakuna mtu duniani aliyewahi kuipiga. Jiwe likabaki juu mpaka mkono ukamchoka. Akalishusha taratibu. Akavua shati, akaifunga kamera kwa shati, akaisukuma ndani ya mdomo wa tanuri, akajiambia atarudi kesho kichwa kikiwa kimetulia, na hapo ataivunja vizuri.

Nyumbani mganga alimuuliza kama amevunja. Akasema amevunja. Mganga akaitazama mikono yake, ambayo haikuwa na mkwaruzo wala vumbi la udongo, akataka kusema kitu, akapiga chafya, na mama akaamka.

Mama aliamka na njaa. Alikula akiwa kitandani, akauliza nani aliyeizima redio yake, akauliza mbona magoti yake yamechubuka kama ya mtoto, na alipoona mkwe wake analia juu ya sahani akamwambia chakula chenyewe si kibovu kiasi hicho. Nyumba ikanuka chai na sabuni. Jicho aliupitisha usiku ule bila kulala, ameshika mkono wa mama yake, na alfajiri akachukua nyundo na jembe akatoka bila kumwamsha mtu.

Ndani ya tanuri alikuta shati lake, limekunjwa vizuri. Kamera haikuwepo.

Alikaa juu ya matofali mpaka jua likachomoza. Kisha akaanza kupita nyumba kwa nyumba upande ule wa pili wa uwanja. Alibisha hodi, akasalimia, akaeleza kwamba ameacha kamera mahali na huenda mtu ameiokota. Kila mmoja alisema hajui. Alipoongeza kwamba hataki kurudishiwa, kwamba ni yao sasa, anachoomba ni waivunje tu, waivunje leo hii na wasiiwashe, waliangaliana. Waliona huu ni mtego wa kizamani wa kumnasa mwizi. Mwanamke mmoja alimfungia mlango. Kadiri alivyoapa ndivyo walivyozidi kumwona mjanja, na kufika mchana hata watoto walikuwa wameambiwa wasimjibu.

Kwenye nyumba ya mwisho alitoka baba mmoja wa makamo, mchangamfu, sahani mkononi, bado anatafuna. Alimsikiliza mpaka mwisho. Akatabasamu kama anayemwelewa.

"Ndugu yangu," akamwambia, "na hata kama ingekuwepo, kitu kizima kama hicho mtu anakivunjaje?"

Jicho alikuwa amesikia harufu ya chuma kilichopata moto. Alikuwa anatazama nyuma ya yule bwana, kwenye korido ya nyumba yake, ambapo mwishoni kabisa pazia la chumba lilikuwa linainuka kwa chini, polepole, usawa wa magoti, na likabaki limeinuka.